Naenda kufundisha Moroni na mimi ni Mkristo: nijiandae vipi na maisha ya Komoro?

*"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nina miaka 31, Mlutheri, mzaliwa wa Iringa. Nimepata mkataba wa miaka miwili katika shule binafsi mjini Moroni. Mama hataki nisafiri. Anasema ile ni nchi ya Kiislamu, nitalazimishwa kuvaa ushungi, nitakatazwa kusali, na mwanamke kule hana chake. Mwenzangu kazini anasema nisihofu, Wakomoro wanaongea Kiswahili na ni kama kwenda Zanzibar tu. Mwingine kaniambia serikali hupinduliwa kila mara. Dini ya watu hainitishi, nimekua na majirani Waislamu, ila sijawahi kuishi mahali ambapo mimi ndiye wa peke yangu. Nijiandae na nini hasa? Na nikiona jambo gani nijue ni la kurudi nyumbani?"*

Mwalimu, mama yako na mwenzako wa kazini wamekosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Mama anaitazama Komoro kwa dini peke yake, mwenzako anaitazama kwa lugha peke yake. Hofu yako wewe, ya kuwa wa peke yako, ndiyo yenye msingi. Nikuambie mapema ninachoamini baada ya miaka mingi ya kuzichunguza jamii za visiwa hivi: Uislamu wa Komoro utauzoea upesi. Kitakachokuchukua muda ni kujua nani anakaa wapi kwenye kikao, nyumba ni ya nani, pesa zinatoka wapi, na kwa nini mwanafunzi wako mmoja ameacha kuja shule bila kuaga. Majibu ya hayo hutayapata msikitini.

Hata hivyo tuanze na dini, kwa kuwa ndiyo inayomnyima mama usingizi. Karibu Wakomoro wote ni Waislamu wa Sunni wa madhehebu ya Shafi, yaleyale ya Unguja, Mombasa na Lamu. Undugu huo ni wa damu na wa elimu: Sheikh Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki 1925, alizaliwa Itsandra, kisiwani Ngazidja. Twarika bado zina nguvu, hasa Shadhiliya, na maulidi ni jambo la mji mzima. Katiba ya 2018 imeufanya Uislamu kuwa dini ya dola na kutaja Sunni na Shafi waziwazi. Watoto wengi huanzia shioni, yaani chuo cha Kurani, kabla hawajafika kwako darasani, kwa hiyo utakuta wanajua kukaa, kusikiliza na kuhifadhi kwa moyo.

Hakuna sheria inayomlazimisha mgeni avae ushungi. Utawaona wanawake wengi wamejitanda leso kichwani na mabegani, na msindzano usoni, ule unga wa msandali wanaojipaka mchana kutunza ngozi. Nguo inayofunika mabega na magoti inatosha mjini. Ukienda vijijini, ukipita karibu na msikiti wakati wa sala, au ukiingia kwenye msiba, jitande kanga yako na hakuna atakayekuuliza neno. Ramadhani ni habari nyingine: mamlaka hutoa maagizo ya mavazi na mwenendo wa hadharani, migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa barabarani ni kosa machoni pa kila mtu. Kula chakula chako ndani. Ukialikwa futari, nenda, na nenda na kitu mkononi.

Kusali kwako hakuna atakayekuzuia. Moroni kuna kanisa Katoliki, Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa cha Ndzuwani, kuna jingine, na wanaosali humo ni wageni. Uliza mapema kama ratiba ya shule inakuachia Jumapili, usije ukagundua baada ya kusaini. Kilichokatazwa na sheria, na hapa nataka unielewe sawasawa, ni kuhubiri dini nyingine kwa Wakomoro. Biblia unayoisoma chumbani ni yako. Biblia uliyompa mwanafunzi, hata kama aliiomba mwenyewe, inaweza kukufikisha mahakamani, na itamuumiza mtoto yule zaidi yako, kwa sababu Mkomoro anayedhaniwa kubadili dini hupoteza ukoo, mji na ndoa kwa pamoja. Binafsi naona sheria hiyo ni nzito mno na inawanyima watu haki yao. Lakini wewe utakuwa mgeni na mlezi wa watoto wa watu. Kama dhamiri yako haiwezi kukaa ndani ya mpaka huo, usisaini.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wasafiri havitakuambia, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yako. Mfaransa akipita na kaptula sokoni Volo-Volo, watu wanasema ni mgeni, hajui. Wewe hutasamehewa hivyo. Sura yako na kanga yako vitawafanya wakuhesabu mmoja wao, na ukinywa maji mchana wa Ramadhani mtu atakukemea akidhani wewe ni binti wa Kiislamu aliyepotoka. Usikasirike. Sema kwa upole kwamba umetoka Tanzania na wewe ni Mkristo. Mara nyingi kemeo linageuka kuwa maswali na pengine mwaliko. Lakini jiandae kulisema hilo tena na tena, na jiandae kwamba kuna siku litakuchosha.

Sasa lile la mwanamke kutokuwa na chake. Hapa mama yako angeshangaa. Ngazidja, kisiwa kikubwa chenye Moroni, hufuata ukoo wa mama. Nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, hasa binti mkubwa, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Wakiachana, anayefungasha mizigo ni mwanamume. Kuna ardhi na nyumba zinazoitwa manyahuli, mali ya ukoo inayopita kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti, nje ya mgawanyo wa kawaida wa mirathi ya Kiislamu. Masheikh wamelijadili jambo hili kwa vizazi na vizazi, na mila imebaki. Kwa hiyo mwenye nyumba utakayepanga kwake huenda akawa mwanamke, na utamwona anajadili kodi na wewe huku kaka zake wamenyamaza.

Lakini usivuke ukaenda kosa la upande wa pili. Kumiliki nyumba si kuwa na sauti mjini. Kwenye bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambapo mambo ya mji huamuliwa, wanakaa wanaume. Bungeni na serikalini wanawake ni wachache. Ndoa ya wake wengi ni ya kawaida, na kwa kuwa kila mke ana nyumba yake, mume huzunguka. Na wewe, mwanamke wa miaka 31 usiye na mume, utachumbiwa. Wapo watakaofanya mzaha na wapo watakaokuja kwa nia ya kweli. Ukimpenda mtu, uliza mapema swali moja: ameshaoa mjini kwao? Maana yake utaielewa sasa hivi.

Kiini cha maisha ya Ngazidja ni anda, ndoa kubwa. Mwanamume anaweza kuoa kwa nikahi ya kawaida akiwa kijana na kuzaa watoto, lakini hajawa mtu kamili wa mji mpaka afanye anda na mwanamke wa mji wake, mara nyingi binti mkubwa wa nyumba fulani, kwa mlolongo wa sherehe unaoweza kuchukua siku nyingi: dhahabu kwa bibi harusi, ng'ombe wa kuchinja, mchele, fedha za kugawia marika, madjilis ya dini, ngoma, twarab. Chukua kamati ya harusi ya Dar es Salaam pamoja na michango yake yote, kisha fikiria kwamba anayeshindwa kuifanya hakosi sherehe tu, anakosa cheo maisha yake yote. Aliyemaliza anda huingia kundi la wandru wadzima. Anavaa joho na mharuma, kitambaa cha heshima cha mabegani, anakaa safu za mbele msikitini siku ya Ijumaa, anasema na kusikilizwa kwenye bangwe. Ambaye hajamaliza ni mwana mdji, hata akiwa na miaka 60 na shahada tatu.

Hili litakugusa shuleni kwako moja kwa moja. Unaweza kukuta mlinzi wa geti ni mndru mdzima na mkuu wa shule bado ni mwana mdji, na siku kuna mgogoro na wazazi, maneno ya mlinzi ndiyo yatakayoumaliza. Usichukulie kwamba ofisi ndiyo mamlaka. Unapoingia mahali wamekaa watu wazima, wasalimie wewe kwanza, na usimtume mtu mwenye cheo cha mji kazi ya mkono mbele za watu. Wakati wa harusi, ambao kilele chake ni Julai na Agosti, Wakomoro wa Marseille na Paris wanaposhuka uwanja wa ndege wa Hahaya na masanduku yao, utaalikwa, utaombwa kununua kitambaa cha sare na kutoa mchango. Tenga fungu la fedha kwa hilo, na ujue kiasi chako kabla hujaulizwa. Asiyekwenda kabisa hukaa nje ya jamii, na hapo ndipo upweke wako ungeanzia.

Watu wa nje huiona anda kuwa ufujaji. Nina maoni yaliyogawanyika, na nitayaeleza yalivyo. Nimeona familia zikizama kwenye madeni, na vijana wakifanya kazi ngumu Ufaransa miaka na miaka ili walishe wageni wa siku chache. Wakati huohuo, sehemu ya fedha za anda huingia mfuko wa mji, na barabara nyingi za vijiji, misikiti, madarasa na nyaya za umeme Ngazidja zimejengwa kwa fedha hizo, si za serikali. Rais Ali Soilih, aliyetawala hadi Mei 1978, alijaribu kuifuta anda na kuwapa vijana madaraka juu ya wazee. Alipoanguka, anda ilirudi na nguvu zake zote. Usiikosoe darasani. Na sasa swali lile la mchumba: mwanamume wa Ngazidja atakayekuoa wewe, hata kwa mapenzi ya kweli, bado anadaiwa na mji wake anda na binti wa kwao. Hilo ni jambo la kuzungumzwa kabla ya pete.

Ndzuwani na Mwali, visiwa vingine viwili vya nchi hii, mambo haya yana sura tofauti na si makali kiasi hicho, kwa hiyo usichukue ya Moroni ukayapeleka Mutsamudu au Fomboni. Visiwa hivi vina wivu kati yao, na umeshaleta vita. Ndzuwani ilijitenga 1997. Mwaka 2008, tarehe 25 Machi, majeshi ya Umoja wa Afrika yenye askari wa Tanzania na Sudan yaliingia kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Utakumbushwa hilo ukisema unatoka Tanzania. Sikiliza zaidi ya kusema.

Kuhusu lugha, mwenzako ana nusu ya ukweli. Kiswahili na Shikomori, lugha ya Wakomoro, ni ndugu wa karibu, na maneno mengi utayatambua siku ya kwanza, lakini mazungumzo ya haraka ya Shingazidja, lahaja ya Ngazidja, yatakupita. Wafanyabiashara wanaokuja Kariakoo, waliosoma au kutibiwa Dar es Salaam, na wazee wenye asili ya Zanzibar watakujibu kwa Kiswahili safi. Wanafunzi wako wengi hawatakuelewa. Ofisini karatasi ni za Kifaransa. Jifunze Kifaransa cha kujaza fomu, kisha weka nguvu zako kwenye Shingazidja, kwa sababu ndiyo itakayokufungulia majiko ya watu.

Na mapinduzi? Tangu uhuru wa 6 Julai 1975 yamehesabiwa mapinduzi na majaribio zaidi ya 20, la kwanza likija kabla mwezi haujaisha. Mamluki Mfaransa Bob Denard alikuwa na mkono katika kadhaa kati ya hayo. Lakini mapinduzi ya mwisho kufaulu yalikuwa ya Aprili 1999, yaliyomleta Kanali Azali Assoumani. Baada ya makubaliano ya Fomboni ya 2001, urais ulikwenda kwa zamu kati ya visiwa, na ulipita kwa kura. Mambo yalibana tena 2018, kura ya maoni ilipomruhusu rais kuendelea muhula wa pili mfululizo. Rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha 2022, na baada ya uchaguzi wa Januari 2024 kulikuwa na maandamano na amri ya kutotoka nje. Kwa mwalimu mgeni maana yake ni hii: maisha ya kila siku ni tulivu, uhalifu ni mdogo, utatembea jioni bila hofu kubwa. Ila kaa mbali na maandamano, usiyapige picha, na usiandike siasa za nchi mtandaoni ukiwa ndani ya nchi.

Jambo linalouma kuliko siasa zote ni Maore, ambayo ramani za Ufaransa zinaiita Mayotte. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, Maore ikachagua kubaki na Ufaransa. Kuanzia 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda huko, na 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Kutoka Ndzuwani ni kilomita 70 hivi za bahari. Watu huvuka usiku kwa kwassa-kwassa, mashua ndogo za faiba zinazojazwa kupita kiasi, wakifuata hospitali, shule, kazi au mama aliyetangulia, na bahari ile imeua watu wasiohesabika. Mwanafunzi wako akitoweka bila kuaga, hilo ndilo la kwanza kulifikiria. Usimuulize nduguye mbele ya darasa. Na usiseme kamwe kwamba Maore ni Ufaransa: bendera ya Komoro ina nyota nne, na kila mtoto atakuhesabia.

Ya mwili nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yatakayokusumbua wiki za mwanzo. Ngazidja haina mito ya kudumu. Miamba ya volkano ya Karthala hunywa mvua yote, na watu huvuna maji ya paa kwenye matangi. Mlipuko wa 2005 ulijaza majivu matangi ya vijiji vingi. Chemsha maji, kipindupindu kilipita 2024. Malaria ipo, usiache chandarua. Umeme hukatika. Chakula hakitakushinda: wali, samaki, ndizi, muhogo, mataba ambayo ni kisamvu cha nazi, na mabawa ya kuku yanayokuja yameganda kutoka nje. Bei zitakushtua, kwa kuwa vitu vingi vinaagizwa. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, takriban 492 kwa euro moja, kwa hiyo fanya hesabu ya mshahara wako kwa bei za Moroni, usiifanye kwa bei za Iringa.

Nadhani unaweza kwenda. Mtu anayeuliza kama ulivyouliza wewe ana sehemu kubwa ya kinachohitajika. Lakini ningependa usaini mwaka mmoja wenye nafasi ya kuongeza, badala ya miwili, na uombe shule ikutafutie chumba katika nyumba ya familia, usiishi peke yako kwenye fleti. Familia itakulinda na maneno, itakufundisha lugha, na siku ya homa kutakuwa na mtu wa kukugongea mlango.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kabla ya safari muone daktari kwa kinga ya malaria na kadi ya homa ya manjano, na kama una ugonjwa wa kudumu au ujauzito, mweleze wazi, kwa sababu huduma za kibingwa Moroni ni chache na Wakomoro wenyewe huvuka kuja Dar es Salaam kutibiwa. Mkataba ukiwa wa Kifaransa, utafsiriwe na mtu asiyelipwa na shule, kisha mwanasheria au ofisi ya kazi iutazame: nani analipia kibali cha ukaazi, mshahara unalipwa tarehe ngapi, nani anakata tiketi ya kurudi. Ukifika, jiandikishe Ubalozi wa Tanzania Moroni wiki ileile, na uwaulize Watanzania wenzako wanakutana wapi.

La kurudi nyumbani ni hili. Mwajiri akishika pasipoti yako kwa zaidi ya siku za kushughulikia kibali, nenda ubalozini siku hiyohiyo, usingoje aone haya. Mshahara ukikosekana mwezi wa kwanza, andika barua. Ukikosekana wa pili, nenda ubalozini na mkataba mkononi. Mtu wa shuleni akikugusa au akitumia kibali chako kukushurutisha, ondoka kwanza, maelezo yatafuata. Na ukijiona huli, hulali, hutaki kutoka chumbani hata Jumapili, usijiambie ni ugeni tu: zungumza na daktari, na kama hali haibadiliki, panda ndege. Air Tanzania inakwenda Hahaya, na safari hadi Dar es Salaam haifiki saa mbili.